Mgodi Huanzia Juu ya Ardhi



Siku mawingu yanapotawanyika, sisi wa Mavivi twauona mlima Ruwenzori upande wa mashariki. Ng'ambo yake, katika nchi ya Uganda, liko bonde la Kilembe, ambako tangu mwaka 1956 hata mwanzo wa miaka ya 1980 shaba ilichimbwa chini ya ardhi. Mitambo, nyumba za wafanyakazi na hospitali vilijengwa katika bonde lile lile jembamba, kando ya mto Nyamwamba. Uchimbaji ulikoma, lakini mto haukukoma. Mwezi wa Mei 2013, na tena Mei 2020, maji yalishuka pamoja na mawe makubwa, yakabomoa nyumba na kuiharibu hospitali. Na mchanga uliobaki baada ya kutolewa shaba, ambao ulirundikwa bondeni, mto huumega na kuuchukua mpaka kwa watu wakaao chini.

Mwanafunzi atauliza: Je, hatari ya mgodi si iko ndani ya shimo? Naam, iko. Lakini hatari nyingine huzaliwa juu, tena huzaliwa katika karatasi ya mpangaji, kabla sururu ya kwanza haijapiga mwamba.

Tutazame mgodi wa makaa ya mawe, kama ule wa Kiwira, kusini ya Tanzania. Makaa hayo siyo yale ya miti yauzwayo sokoni kwetu. Ni mabaki ya mimea ya kale sana, yaliyozikwa na kugeuka mawe yawakayo. Mchimbaji hushuka chini, lakini uzima wake wategemea vitu vilivyo juu: feni kubwa ya kupitisha hewa, pampu za maji, nyumba ya taa, ghala ya baruti iliyo mbali na watu. Feni si anasa. Makaa hutoa gesi iitwayo methani. Ikiwa sehemu 5 hata 15 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua. Vibati vyenye namba hutunzwa juu, ili ajali itokeapo ijulikane ni nani hajapanda. Na majengo makubwa hayawekwi popote tu: makaa yaliyo chini yake huachwa bila kuchimbwa, ama sivyo ardhi itadidimia na kuta zitapasuka.

Kanuni hizi zilinunuliwa kwa damu. Huko Hartley, katika Uingereza, mgodi ulikuwa na shimo moja tu la kuingia na kutoka. Tarehe 16 Januari 1862 chuma kikubwa cha mtambo wa pampu, uliojengwa juu ya mdomo wa shimo, kilivunjika, kikaanguka ndani na kuliziba. Wanaume na wavulana 204 walikufa. Mwaka ule ule sheria ilitungwa: kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea.

Lakini habari ya Aberfan, katika nchi ya Wales, yaumiza zaidi, kwa sababu waliokufa hawakuwa wachimbaji. Kifusi cha mgodi kilirundikwa mlimani, juu ya kijiji. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958 mahali penye chemchemi. Mwaka 1963 wakuu wa mji waliandika barua za kuonya kwamba shule iliyo chini imo hatarini. Hawakusikilizwa. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, masomo yakiwa ndiyo kwanza yaanza, lundo liliteleza likaifunika shule. Watu 144 walikufa. 116 kati yao walikuwa watoto.

Angalieni: chemchemi haikuwa siri. Ilionekana kwa macho. Aliyekosekana ni mtu wa kuuliza na kusikia.

Basi, siku wageni watakapokuja katika nchi yetu na ramani ya mgodi, wa makaa, wa dhahabu au wa kitu kingine, tusiulize tu mishahara na idadi ya kazi. Tuulize: Kifusi kitawekwa wapi, na ni maji gani yapitayo chini yake? Maji machafu yatatulizwa katika bwawa gani kabla ya kurudi mtoni? Ni nyumba ya nani, na shule ya nani, iliyo chini ya mteremko? Kampuni itakapoondoka, ni nani atakayelilinda lundo? Na wazee wajuao kila chemchemi ya kilima waitwe mbele ya meza, kabla karatasi haijatiwa sahihi.

Mchimbaji hushuka kwa hiari yake, akijua hatari. Mtoto aliye darasani hakuulizwa. Kwa ajili yake sisi wakubwa hatuna budi kuuliza.