Kiwanda kikifungwa Krismasi, siku zinakatwa kwa nani?

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA inapofika katikati, matangazo huanza kubandikwa kwenye mageti ya viwanda vidogo, maghala na karakana zilizoko Buguruni na kandokando ya Barabara ya Mandela kuelekea Tazara. Maneno yake huwa machache: kazi zitasimama tarehe fulani na kuanza tena baada ya Mwaka Mpya. Kwa kawaida tangazo halisemi siku hizo zitahesabiwa katika fungu gani, na hapo ndipo ugomvi wa Januari unapoanzia.

Mwajiri ana sababu zake. Wateja wake wengi nao wamefunga, mitambo inahitaji matengenezo, na nusu ya wafanyakazi wameshaomba ruhusa ya kwenda Moshi, Bukoba au Songea. Kwake ni nafuu kufunga wote kwa pamoja kuliko kuendesha mashine kwa watu wachache.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimkatazi. Kifungu cha 31 kinampa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo, lakini kinamwachia mwajiri kupanga wakati wa kuichukua, mradi isipite miezi sita tangu kumalizika kwa mzunguko wa likizo. Muda huo unaweza kufika miezi 12 iwapo mfanyakazi ameridhia na mahitaji ya kazi yanalazimu. Kwa hiyo anayedai kuwa bosi hana haki ya kumpa likizo Desemba huenda akashindwa mapema.

Hata hivyo, kupanga wakati wa likizo ni jambo moja, na kumtwisha mfanyakazi gharama ya kufunga ni jambo jingine.

Chukua kiwanda kinachofungwa kuanzia Desemba 22 hadi Januari 4. Hizo ni siku 14. Ndani yake zimo sikukuu tatu, yaani Desemba 25, Desemba 26 na Januari 1, ambazo mfanyakazi angepumzika hata bila likizo. Sheria inasema siku 28 zinajumuisha sikukuu zinazoangukia ndani ya likizo, hivyo zote 14 zinaweza kukatwa. Zinabaki 14 nyingine. Kwa kuwa sheria inazungumzia siku 28 mfululizo, mwajiri anayemaliza hesabu kwa wiki hizo mbili, kisha akasema mwaka umekwisha, bado ana deni.

Jambo linalosahauliwa zaidi ni malipo. Ujira wa siku za likizo unapaswa kulipwa kabla likizo haijaanza. Anayeambiwa "nenda, tutaonana Januari" bila kitu mfukoni hakupewa likizo. Amesimamishwa kazi bila mshahara, hata kama tangazo la getini limepambwa kwa salamu za Krismasi.

Wanaoumia zaidi ni vibarua. Mtu mwenye utumishi wa chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo, na wapo waajiri wanaojificha nyuma ya kipengele hicho kwa kutoa mikataba ya miezi mitatu mitatu. Sheria iliwaona. Aliyeajiriwa zaidi ya mara moja na mwajiri yule yule ndani ya mwaka, na jumla ya kazi yake ikazidi miezi sita, anastahili likizo kama wenzake. Tatizo ni kwamba wengi wao hawana karatasi yoyote ya kuonyesha walianza lini.

Lipo pia suala ambalo ofisi nyingi hulipita kimya. Buguruni ni mji wa Waislamu wengi, na kwao siku ya kukaa na jamaa ni Idd, ambayo husogea nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Likizo ikimalizwa yote Desemba, fundi wa aina hiyo hubaki na zile siku za sikukuu tu. Chama cha wafanyakazi kinaweza kulijadili hilo katika mkataba wa hali bora, kwa mfano kwa kukubaliana kwamba siku za kufunga zisizidi nusu ya likizo na nusu nyingine achague mwenyewe. Pasipo na chama, yanabaki mazungumzo na meneja, na yanafaa kufanyika Oktoba, kabla ya tangazo kubandikwa.

Walinzi na mafundi wanaobakizwa kiwandani nao wasisahauliwe: saa wanazofanya kazi siku ya sikukuu hulipwa mara mbili ya mshahara wa msingi.

Anayeona amepunjwa hupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa mgogoro wa aina hii kanuni za mwaka 2007 zimetoa siku 60, na 30 tu kama ni kuachishwa kazi. Aliyekatwa siku zake mwishoni mwa Desemba akasubiri hadi Pasaka, atalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini alichelewa.