Uzoefu Haununuliwi kwa Nauli

Tangu mwaka wa 1948, chama cha wanafunzi cha AIESEC kimekuwa kikiwapeleka vijana wa vyuo ng'ambo wakafanye kazi katika makampuni. Silipingi jambo hilo. Ninachohofia ni mzazi wa Mukumu auzaye ng'ombe kwa ajili ya nauli, akiamini kwamba majuma sita ya likizo yatamrejeshea mfanyabiashara kamili.

Nikiwa mwanaisimu, nakumbusha kuwa neno uzoefu latokana na kitenzi zoea, na mazoea hayaji kwa ziara moja. Mwanafunzi ambaye hajapata kumsaidia mama yake kupiga hesabu ya faida ya ndizi sokoni Khayega atalinganisha nini na nini huko aendako?

Walimu wenzangu, tuanzie sokoni. Safari iwe nyongeza. Usiache mbachao kwa msala upitao.