Unga wa mwani na vidonge vya bibi

Na Mwanaidi Faki Haji

Unga wa mwani siku hizi unauzwa kuwa dawa ya kila kitu: presha, sukari, maungo, nguvu, usingizi. Wanunuzi wengi ni watoto wanaowatafutia wazee wao nafuu, na nia yao ni njema. Lakini mzee anayepelekewa kopo hilo mara nyingi tayari ana vidonge vya aina nne au tano pembeni ya kitanda, na hakuna aliyeuliza kama vitapatana.

Siudharau mwani. Tangu uanze kulimwa kibiashara Paje na Jambiani, Zanzibar, mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, umewatia wanawake wa pwani ya mashariki fedha mikononi mwao wenyewe. Watafiti kama Dk. Flower Msuya wamewasaidia kuvuka biashara ya kuuza mwani mkavu tu na kutengeneza bidhaa kama sabuni. Sabuni, hata hivyo, inaoshwa ikaondoka. Unga unaingia tumboni.

Wenzetu waliovamiwa na mwani wana la kutufunza hapa. Kotonii na spinosum, aina hizihizi tunazolima, zilipelekwa Hawaii miaka ya 1970 kwa majaribio ya kilimo, zikatoroka na kufunika matumbawe ya Ghuba ya Kaneohe mpaka ikabidi zinyonywe kwa mashine. Uliotolewa walipewa wakulima wakaufanya mbolea. Katika Atlantiki, mwani uitwao sagasamu umekuwa ukimwagika kwenye fukwe za Karibi na Afrika Magharibi tangu 2011. Juni 2018 ukanda wake ulikuwa na urefu wa kilomita 8,850 na uzito wa zaidi ya tani milioni 20. Meksiko wamejaribu kuugeuza matofali, Barbados mafuta ya gari. Mbona hawakukimbilia kuula? Vipimo vinatoa sababu ya kutosha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba sampuli nyingi za sagasamu kutoka pwani ya Karibi ya Meksiko zilikuwa na aseniki kupita kiwango kinachoruhusiwa hata kwa chakula cha mifugo. Na Uingereza tangu 2004 inawashauri watu wake wasile hijiki, mwani wa Japani wa jamii hiyohiyo.

Wetu si sagasamu, wala sisemi una sumu. Ila mwani hufyonza kilichomo majini, na kilichofyonzwa hujulikana maabara, si kwenye tangazo la simu.

Tuje kwa bibi mwenyewe. Figo za mtu wa miaka 75 hazichuji kama alipokuwa na 30, kwa hiyo dawa nyingi hukawia mwilini. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani na wenzake walitoa orodha ya dawa ambazo ni afadhali wazee waepushwe nazo, na imekuwa ikirekebishwa hadi toleo la 2023. Ukiisoma utakuta dawa za kabatini mwako. Piriton, tunayoimeza kwa mafua kama peremende, inaweza kumchanganya mzee akili na kumwangusha usiku akienda chooni. Valium vilevile. Glibenklamidi ya kisukari inaweza kumshusha sukari kwa saa nyingi. Diklofenaki ya magoti hupandisha presha na kuumiza figo, na hatari huzidi ikikutana na losartani pamoja na dawa ya kukojoza. Moja imeandikwa hospitali, nyingine imenunuliwa duka la mtaani, ya tatu katoa jirani aliyepona. Hakuna aliyeziona zote kwa pamoja.

Juu ya mrundo huo sasa tunaongeza mwani. Kotonii ina potasiamu nyingi. Losartani, enalaprili na spironolaktoni huifanya potasiamu ibaki mwilini, na mwenye figo dhaifu akiirundika, moyo unaweza kupiga ovyo, hata kusimama. Kuna na madini joto: mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na kiasi kilichomo hutofautiana mno baina ya mwani na mwani. Mzee mwenye goita akizidishiwa, moyo wake unaweza kuanza kwenda mbio.

Nitaambiwa mwani umefanyiwa utafiti. Kweli, na mwingi umefanywa kwenye seli za maabara na panya. Panya hao hawamezi losartani asubuhi na diklofenaki usiku.

Kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar ombi langu ni moja: unga wa mwani wa kuliwa usiuzwe kabla ya kupimwa aseniki, madini joto na potasiamu, na matokeo yaandikwe kwenye kopo kwa Kiswahili. Wakulima wa Paje hawatapoteza kitu. Watakaoumia ni wafungaji wa makopo wasiojua walichofunga.

Na wewe msomaji, wiki hii tia kwenye mfuko mmoja kila anachotumia mzee wako: vidonge, matone ya macho, mizizi, na huo unga. Uchukue mfuko mzima kwa daktari au mfamasia umwombe akague kimoja kimoja. Usimwachishe kidonge chochote kwa uamuzi wako, kwa sababu dawa ya presha ikikatwa ghafla nayo ina madhara yake. Unga wa mwani unaweza kusubiri mpaka mpate jibu.