Wakfu wa Mungu Mizanini

Katika mji wetu wa Kipushi, uliokua ubavuni mwa mgodi uliofunguliwa katika miaka ya 1920, na ambao mpaka wa Zambia u karibu nao mno, dini ya Kikristo si jambo geni. Jimbo Katoliki la Sakania-Kipushi limeitwa kwa jina lake, mapadri wa Kisalesiani walikwisha kuingia Katanga mwaka 1911, na makanisa ya uamsho yamejaa mitaani. Lakini ukiwauliza waumini ni nani aliyewekwa wakfu kwa ajili ya Mungu, wengi watakuonyesha padri au sista, na wengine watakuonyesha mtu aliyejitenga na jirani zake, asiyekula msibani kwao wala asiyeitikia salamu ya yule anayemwita mpagani.

Hao wa kwanza wamesema nusu ya kweli. Sista Anuarite Nengapeta, wa shirika la Jamaa Takatifu, aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kuwa alikataa kuvunja nadhiri yake, na Papa Yohane Paulo wa Pili akamtangaza mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Ni nani atakayethubutu kuidharau nadhiri ya namna hiyo? Hao wa pili wamepotoka kabisa, maana Yesu, alipowaombea wanafunzi wake usiku ule wa mwisho, hakuomba waondolewe duniani.

Tena sura ya 19 ya Mambo ya Walawi, ambayo ndani yake taifa zima linaamriwa kuwa takatifu, haikawii kuteremka shambani na sokoni: kando za shamba waachiwe maskini na mgeni, ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hata asubuhi, kipofu asiwekewe kikwazo, na mizani iwe ya haki. Mizani! Katika mji wa madini na forodha kama wetu, sioni neno linalotuhusu kuliko hilo.

Nchi yetu imepata shahidi wa neno hilo. Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mwanajumuiya wa Sant'Egidio aliyewahudumia watoto wa mitaani, alikuwa mtumishi wa ofisi ya serikali ya ukaguzi wa bidhaa. Alipoletewa shehena ya chakula kilichoharibika, akaahidiwa fedha ili aipitishe, alikataa, na chakula kile kikateketezwa. Julai 2007 alitekwa nyara akauawa, umri wake miaka 26, na tarehe 15 Juni 2025 akatangazwa mwenye heri huko Roma. Hakuwa padri wala mtawa. Wakfu wake ulikuwa ubatizo wake, na mahali pa kuutimiza palikuwa pale pale kazini, kati ya magunia na mihuri.

Basi mkaguzi wa mpakani anayetia mkono katika gunia la unga wa mahindi kutoka Zambia, akautoa umejaa madonge yanayonuka ukungu, huku mwenye mali akimsogezea matabishi ndani ya hati iliyokunjwa, huyo amesimama mahali patakatifu, ajue asijue. Najua kwamba mshahara wake huchelewa na kwamba nyumbani ada ya shule inadaiwa. Shida hiyo ni ya kweli, na anayeichelewesha haki ya mtumishi amevunja sura ile ile. Walakini atakayekula unga ule ni mtoto wa mtu mwingine.

Kinachonihuzunisha zaidi ni kwamba mara nyingi fedha ya namna hiyo huishia madhabahuni, ikapokewa kwa vigelegele, na mtoaji akapewa kiti cha mbele. Nawasihi mapadri na wachungaji wa Kipushi: someni sura hiyo yote Jumapili mbele ya watu wa forodha na wa mgodi, msiikatize kabla ya aya za mizani, na sadaka mnayoijua kuwa imetoka katika dhuluma, irudisheni kwa mwenyewe.