Usingoje ripoti ya mtaalamu ndipo umsaidie mtoto kusoma

KAMA una miaka 20 na kitu na unaishi Nairobi, Mombasa au Nakuru, huenda wewe ndiye mwalimu wa pili nyumbani. Mama anarudi kazini saa mbili usiku akiwa hoi, na homuweki ya mdogo wako au mpwa wako inakungoja wewe. Kwa hivyo maneno haya nakuambia wewe, si Wizara ya Elimu.

Karibu kila ploti ina yule mtoto. Kichwa chake kiko sawa kabisa: anajua bei ya kila kitu dukani na anaweza kukusimulia mechi nzima. Lakini mpe kitabu uone. Anaruka mistari, anachanganya b na d, anasoma mwanzo wa neno kisha anabahatisha mwisho. Hapo familia hugawanyika. Upande mmoja unasema, "Huyo ni mvivu tu, anataka kiboko." Upande wa pili, ambao umesoma kidogo mtandaoni, unasema, "Ana disleksia, tutafute pesa kwanza aonwe na mtaalamu." Naona pande zote mbili zinamwacha mtoto pale pale. Mmoja unamchapa, mwingine unamngojesha.

Na kungoja kuna gharama. Shule haisimami. Katika gredi za chini mtoto hufundishwa kusoma; kuanzia Gredi ya 4 hivi anatarajiwa kusoma ili ajifunze mengine. Asiyeweza kusoma swali la sayansi ataanguka sayansi hata kama jibu analo kichwani. Miezi inavyopita, anajifunza somo moja ambalo hakuna mwalimu aliyelipanga: kwamba yeye ni mjinga. Akishaliamini, utamwona anaumwa tumbo kila Jumatatu, au anageuka mchekeshaji wa darasa ili asiitwe kusoma. Kuling'oa wazo hilo ni kazi ngumu kuliko kufundisha silabi.

Sipingi tathmini hata kidogo. Nchini tuna vituo vya serikali vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, EARC, vilivyoanza 1984 kwa msaada wa Denmark. Taasisi ya Elimu Maalum, KISE, iliyoanzishwa 1986, iko pale Kasarani. Uliza shuleni au ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu, utaelekezwa. Tathmini ina faida kubwa, mojawapo ikiwa ni mtoto kuweza kuombewa muda wa ziada katika mtihani wa taifa. Lakini tuseme ukweli: kati ya kugundua shida na kushika ripoti kuna nauli, ruhusa ya kazini, foleni na tarehe ya kurudi. Huo muda wote mtoto anafanya nini?

Kuna mengi ya kufanya, na hayahitaji jina la ugonjwa.

Kwanza macho na masikio. Mpeleke hospitali ya umma iliyo karibu apimwe. Mtoto asiyeona ubao vizuri, au anayesikia nusu ya maneno ya mwalimu, huonekana mzito kumbe shida ni nyingine.

Pili, tumia Kiswahili kama ngazi. Lugha yetu husomwa inavyoandikwa. Kiingereza nacho kina though, through na tough, maneno yanayofanana kwa macho lakini kila moja lina sauti yake. Kata boksi la viatu vipande vipande, andika silabi. Ka na ta ni kata. Zigeuze, ni taka. Weka ma katikati, una kamata. Akishazoea kuunganisha sauti, ng' na dh zitafuata, na Kiingereza hakitamtisha sana.

Tatu, fanya muda uwe mfupi. Dakika 15 kila jioni zinashinda saa mbili za Jumapili zinazoisha kwa machozi. Soma mstari wewe kwanza huku akifuata kwa kidole, kisha ausome yeye. Weka rula chini ya mstari asipotee. Akikwama, hesabu hadi 5 kimoyomoyo kabla ya kumwambia neno.

Nne, mpe agizo moja moja. "Leta kikombe, zima taa, halafu umwite Brayo" ni maagizo matatu. Mengine hupotea njiani, na yeye anaitwa mkaidi. Hesabu nazo, anza na vifuniko vya soda na sarafu. Mtume maziwa, akirudi mhesabu chenji pamoja.

Ukifanya haya, weka daftari. Andika tarehe, alichokwama, kilichomsaidia. Wapo wanaohofia kwamba msaada wa nyumbani utaficha tatizo mtaalamu asilione. Mimi naona kinyume. Wiki 6 au 8 za maandishi kama hayo zitamwambia mtathmini mengi kuliko "huyu hajui kusoma". Akipiga hatua, vizuri. Asipopiga licha ya bidii, mna sababu ya kusukuma tathmini haraka, na ushahidi mkononi.

Ila usijifanye daktari. Video tatu za TikTok hazikupi ruhusa ya kumbandika mtoto jina litakalomfuata hadi sekondari. Na kuna mambo ambayo hayangoji daftari: mtoto aliyekuwa anasoma au kuongea vizuri akaanza kusahau, anayezubaa ghafla kama hayupo, au anayeanguka. Huyo ni wa hospitali leo.

Zungumza pia na mwalimu wake, kwa heshima, bila kumlaumu. Ana darasa zima la kushughulikia. Mwombe mambo mawili: mtoto akae mbele, na asisimamishwe kusoma mbele ya wenzake bila kujiandaa. Na kiboko kikitajwa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekataza adhabu ya viboko shuleni. Hata bila sheria, fikiria tu: kama mtoto anaona herufi zikimchanganya, kiboko kitazipanga vipi?

Wengi wetu tunawajua watu wazima mtaani, mafundi hodari, ambao hukupa fomu uwajazie wakisema wamesahau miwani. Kuna wakati nao walikuwa Gredi ya 4, na kila mtu alikuwa anangoja. Huyo mdogo wako bado ana nafasi. Leo jioni, kabla hujafungua simu, kaa naye dakika 15.