Kwa Nini Hatufiki Ripley?

Ndugu zangu wa Louisville, Columbus na Buffalo, jambo hili limenikaa rohoni, leo nalitoa. Tunafika Marekani, tunapiga picha kwenye maporomoko ya Niagara, tunazunguka madukani, kisha tunajigamba kuwa nchi tumeiona. Wazee walisema tembea uone. Hawakusema tembea upigwe picha.

Kijiji cha Ripley, kando ya mto Ohio, ni mwendo wa saa mbili na ushei kwa gari kutoka Columbus au Louisville. Kilimani ipo nyumba ndogo ya matofali ya mchungaji John Rankin. Usiku taa yake ilionekana hadi ng'ambo, Kentucky, kwenye utumwa. Mwaka 1838 mama mmoja mtumwa alivuka mto juu ya barafu inayomeguka, mtoto kifuani, akaiendea nyumba hiyo. Habari yake ikamfikia Harriet Beecher Stowe, akamwumba Eliza wa Uncle Tom's Cabin, kitabu cha 1852. Chini ukingoni ipo nyumba ya John Parker. Alizaliwa mtumwa, akajikomboa kwa dola 1,800, akafungua karakana ya chuma. Usiku alivuka kwa mashua kwenda kuwatorosha wenziwe. Mtu amekwisha kuwa huru, anarudi mdomoni mwa simba!

Nilizipanda ngazi za kilima kile na mjukuu wangu. Kufika juu akageuka, akautazama mto, akauliza: "Babu, ni hapo tu?" Ni hapo tu. Kati yenu wapo waliovuka Ziwa Tanganyika usiku, wakakaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka na miaka. Nani ataujua mto huo kuliko ninyi, watu hodari wa kustahimili na kusimulia?

Ila uvivu huu tulitoka nao kwetu. Dar es Salaam wapo wazee wasioijua Bagamoyo, na Unguja wapo wanaopita Mkunazini kila siku, wasiingie lilipokuwa soko la watumwa hadi 1873. Mwacha asili ni mtumwa, na asiyejua maana haambiwi maana.

Tena, watoto wenu mtawasimulia hayo kwa lugha gani? Mama anasema Kiswahili, mtoto anajibu Kiingereza, baba anachekelea. Aibu! Lugha ni amana ya Mwenyezi Mungu, na amana huulizwa.

Nawe wa Buffalo usiseme Ripley ni mbali. Unayo Broderick Park, kando ya mto Niagara, walikopandia mashua watoro kwenda Kanada. Jumamosi hii mshike mtoto mkono, mwende.