Mawe ya Tabaka katika Bustani ya Chagaik

Mtu wa Pwani apandapo Kericho hustaajabia chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, na mvua ya mawe inayoipiga chai hiyo. Mimi nilistaajabia zaidi bustani ya miti ya Chagaik, yapata kilomita 8 mashariki ya mji, karibu na barabara ya Nakuru. Aliianzisha mkulima wa chai aitwaye Tom Grumbley baada ya Vita Vikuu vya Pili, akakusanya miti ya nchi nyingi za joto. Kuna mianzi na ziwa dogo lenye mayungiyungi.

Mwenyeji wangu, Mkipsigis, alisema panahitaji sanamu ili wageni wazidi. Ndugu msomaji, neno hilo likitajwa sisi Waislamu masikio hutusimama, na si bure. Lakini tusiwe wepesi wa kuifunga milango yote. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Ibn Abbas alimwelekeza mchoraji mmoja, ikiwa hana budi, achore miti na visivyo na roho. Basi ni wapi panapofaa zaidi ushauri huo kuliko kwenye bustani ya miti?

Wala kuchonga jiwe na kulisimamisha nje si jambo geni kwetu. Nenda Takwa, katika kisiwa cha Manda, ukaone kaburi la mnara. Nenda Mambrui, ambako mnara wa kaburi ulipambwa kwa bakuli za Kichina. Pale Gedi kuna kaburi lililochongwa tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Hakuna sura ya mtu wala mnyama hapo, na bado jicho halichoki.

Wakipsigis nao wana sotet, kibuyu cha mursik, na wana ushanga wao. Uzuri wa vitu hivyo umo katika umbo, rangi na mistari.

Na jiwe liko jirani. Tabaka, nchi ya Wakisii, ni safari ya saa chache tu, na jiwe lake laini huchongwa kwa panga na kisu. Shehena kubwa ya vifaru na twiga vya kuwauzia watalii hutoka huko, lakini hata kazi kubwa hutoka: ndege wa amani wa Elkana Ong'esa amewekwa katika makao ya UNESCO mjini Paris. (Ndege ana roho, najua, nazungumzia mkono wa fundi.) Si haki Paris ipate kazi ya mkono huo na Kericho ikose.

Linalonitia hofu ni haraka. Mwaka 1924 chai ilikuwa ikianza Kericho, na hata leo kichaka cha chai hakikui kwa amri. Eldoret, mwaka 2024, ziliwekwa sanamu za wanariadha, watu wakazicheka, zikaondolewa kwa aibu. 

Kwangu mimi, Chagaik ingetosheka na vitu vichache: viti vya jiwe vyenye nakshi ya majani, birika za maji ya ndege, nguzo mbili tatu kandokando ya njia, pasipo kupigilia msumari mti wowote. Aitwe fundi wa milango kutoka Lamu akae mwezi mmoja na wachongaji wa Tabaka. Aliyezoea bambakofi itambidi apunguze nguvu ya nyundo, maana jiwe lile halitaki kugongwa sana.